Taa za barabarani kwenye reli ndogo: kwa nini za mwisho zinafifia, na kwa nini zinapepesa treni ikipita?

Nguzo_Saba (Jumapili, saa 3:40 usiku)

Wakuu, salaam. Ninajenga reli ndogo ya skeli ya HO, yaani 1:87, kila kitu kikiwa kimepunguzwa mara 87, juu ya plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4, katika chumba cha uani nyumbani kwangu Mkonze. Treni na reli zake aliniletea kaka yangu kutoka Ujerumani. Mengine yote, kuanzia vilima vilivyochongwa kwenye stairofomu ya boksi la televisheni hadi mibuyu iliyotokana na mizizi mikavu, nimeyaokoteza hapa hapa Dodoma. Kando ya stesheni nimepitisha barabara ya lami, na kandokando ya barabara hiyo nimesimamisha taa 22, kila moja ikiwa na kimo cha milimita 65 na ikiwa imeachana na mwenzake kwa milimita 150.

Taa hizo ni za LED za volti 3, zenye mwanga mweupe wa umanjano kidogo. Kila taa nimeipa rizista yake (kile kipande cha kupunguza mkondo) ya omu 1,000, na zote zinalishwa na adapta ya king'amuzi kilichokwisha kufa, ya volti 12 na ampea 1.5. Chini ya ubao zinapita nyaya mbili za koili, chanya na hasi, kutoka kwenye adapta hadi taa ya 22.

Taa ya 1 hadi ya 14 zinang'aa vizuri, lakini kuanzia ya 15 hadi ya 22 zinawaka kwa unyonge, kama mlinzi anayesinzia kwenye lindo. Isitoshe, treni inapopita kwenye kona iliyo karibu na taa ya 15, hizo 8 hupepesa, kisha hutulia treni ikishapita. Treni ina transfoma yake na haichangii umeme na taa. Fundi redio mmoja ameniambia tatizo ni wembamba wa nyaya. Kabla sijafumua kazi ya wiki 3, naomba mnisaidie kufikiri.

Fundi_Koili (Jumapili, saa 4:05 usiku)

Fundi huyo hajakosea. Mimi kazi yangu ni kuwaindi mota, kwa hiyo waya wa koili ninaujua kama ninavyoujua mkono wangu. Waya mwembamba hula volti njiani, na umeme ukifika mwisho wa njia unakuwa umechoka. Ni kama bomba la mtaa: nyumba ya kwanza inajaza ndoo, nyumba ya mwisho inakinga matone. Tuambie waya wako una unene gani.

Nguzo_Saba (Jumapili, saa 4:20 usiku)

Nimeupima kwa kipimo cha kukopa, ni milimita 0.2. Njia nzima kutoka adapta hadi taa ya mwisho ni kama mita 3.2.

Kibatari (Jumapili, saa 5:15 usiku)

Fundi Koili, heshima yako ipo palepale, lakini tuwekeane hesabu mezani. Waya wa shaba wa milimita 0.2 una ukinzani wa takriban omu 0.55 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 6.4, ambazo ni omu 3.5. Kila taa, ikiwa na rizista ya omu 1,000 kwenye volti 12, inakula miliampea 9, kwa sababu LED inachukua volti 3 na zile 9 zinazobaki zinaangukia kwenye rizista. Taa zote 22 zinakula miliampea 198, yaani haifiki hata robo ya ampea.

Kama mkondo wote huo ungesafiri hadi mwisho wa njia, zingepotea volti 0.7. Lakini hausafiri wote, kwa kuwa kila taa inachota wake njiani, na hivyo kinachopotea hadi taa ya 22 ni karibu nusu ya hapo, volti 0.35. Sasa igawe hiyo 0.35 kwa omu 1,000: taa ya mwisho inapungukiwa na miliampea 0.35 kati ya 9. Hiyo ni asilimia 4 tu, na hakuna jicho la binadamu litakaloiona.

Mfano wa bomba ungekuwa kweli kama angetumia chaja ya simu ya volti 5. Hapo rizista ingekuwa ya omu 220, na upotevu uleule wa 0.35 ungepunguza mkondo kwa karibu moja ya sita. Kadiri volti za chanzo zinavyokaribia volti za LED, ndivyo waya mwembamba unavyoonekana kuwa mkosaji. Kwenye volti 12 hana hatia.

Tena ninyi wote mmeliruka jambo moja. Upotevu wa waya hufifisha taa kidogo kidogo, ya 8 kuliko ya 7 na ya 9 kuliko ya 8. Yeye amesema 14 zinang'aa na 8 zinafifia. Hilo si bomba linalopungua nguvu. Kati ya taa ya 14 na ya 15 kuna kitu.

Mtoto_wa_Bahi (Jumatatu, saa 1:10 asubuhi)

Mimi sina mita wala hesabu, nina macho tu. Taa moja kila milimita 150 maana yake, ukizidisha kwa 87, ni taa moja kila mita 13. Ni mtaa gani hapa Dodoma wenye taa kila mita 13? Mkonze yako hiyo ya plaiwudi ina bahati kuliko Mkonze tunayoijua. Pengine hizo 8 zimefifia kwa kuona aibu.

Kibatari (Jumatatu, saa 1:45 asubuhi)

Ametania, lakini hesabu yake ni sahihi. Nguzo ya mita 10 huwekwa mbali na mwenzake kwa mita 30 hadi 40 hivi. Mita 35 katika HO ni milimita 402, na plaiwudi nzima ya futi 8 inawakilisha mita 212 tu za dunia halisi, kwa hiyo upande mmoja wa barabara ungetosheka na taa 6. Kimo nacho kina neno: milimita 65 ni mita 5.7, ambacho ni kimo cha taa ya jukwaa la abiria au ya njia ya waenda kwa miguu. Nguzo ya mita 10 ingekuwa na milimita 115.

Nguzo_Saba (Jumatatu, saa 2:00 asubuhi)

Nashukuru kwa hesabu. Nilijaribu kuziweka mbalimbali, na ubao ukaonekana kama shamba lenye vijiti. Barabara yangu yenyewe imefupishwa, stesheni imefupishwa, hata mlima umefupishwa, kwa hiyo nikaona nafasi za taa nazo zifupishwe. Hilo naomba nisamehewe. Nirudi kwenye tatizo: leo jioni nitapima volti kwenye taa ya 1, ya 14, ya 15 na ya 22. Na niseme kwamba stesheni yangu ni ile ya zamani ya mjini, ambayo reli ya Wajerumani iliifikia mwaka 1912.

Mtalii_wa_Reli (Jumatatu, saa 4:30 asubuhi)

Naomba nisahihishe mwaka. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, reli ikafika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Ulichotaja ni mwaka wa Tabora.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi juu ya ubao wako, nalo linagusa taa. Reli aliyokuletea kaka yako ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha kwa 87 unapata milimita 1,435, na hiyo ni SGR, yaani reli mpya ya kisasa. Reli ya zamani ina upana wa mita moja, ambayo katika HO inahitaji njia ya milimita 12. Kwa hiyo umejenga stesheni ya Wajerumani na kuipitishia SGR. Ukiamua kwamba ni SGR, kumbuka kwamba reli hiyo inatumia umeme wa volti 25,000 unaopita kwenye waya wa juu, na kando ya njia kuna nguzo za waya huo. Taa zako haziwezi kusimama popote tu kana kwamba waya huo haupo. Ukiamua kwamba ni ya zamani, nguzo hizo hazipo na una uhuru wote, lakini itabidi ubadilishe reli.

Mimi, kwa anayeanza upya, ningeshauri skeli ya 1:120. Huko njia ya milimita 12 inakuwa SGR na ya milimita 9 inakuwa reli ya mita moja, zote mbili kwenye ubao mmoja, ya kwanza kwa kipimo sahihi na ya pili kwa kipimo cha kukaribia. Sijui skeli nyingine inayoipenda Dodoma ya leo kiasi hicho.

Mtoto_wa_Bahi (Jumatatu, saa 4:50 asubuhi)

Mtu ameuliza taa, ameambiwa avunje stesheni. Jirani akikuomba chumvi, Mtalii, unamwuzia ng'ombe?

Mama_Zabibu (Jumatatu, saa 7:20 mchana)

Habari za mchana. Mwaka jana nilimsaidia mpwa wangu kutengeneza mtaa mdogo kwa maonyesho ya shuleni, nasi tulipata tatizo lenye sura kama hiyo, ingawa taa zetu zilikuwa 9 tu. Nguzo tulizitengeneza wenyewe kwa antena ya redio kuukuu, ile inayovutwa ikarefuka. Ukiifumua unapata mirija ya shaba nyeupe ya unene tofauti: mnene unakuwa shina la nguzo na mwembamba unakuwa mkono unaopinda juu ya barabara. Mrija wenyewe ndio uliokuwa njia ya hasi, na ndani yake tulipitisha waya mmoja tu wa koili kwa ajili ya chanya. Kichwani tuliweka LED za kubandika za milimita 1.6 kwa 0.8, kwa sababu LED ya kawaida ya milimita 3, ukiikuza mara 87, inakuwa na upana wa sentimita 26, na mpwa wangu alisema inafanana na sufuria.

Taa 3 kati ya hizo 9 ziliwaka kwa unyonge. Tulibadilisha waya, tukabadilisha adapta, hatukufanikiwa. Mwisho mtoto mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba waya wa koili una vanishi, na sehemu tulizolehemu zilikuwa hazijakwanguliwa vizuri. Risasi ilikuwa imekaa juu ya vanishi, ikigusa shaba kwa kijisehemu kama ncha ya sindano. Kwa macho kiungo kilikuwa kizuri mno, kinang'aa. Ndugu Nguzo Saba, njia yako kuu yote ni waya wa koili. Umeukwangua kwa nini?

Nguzo_Saba (Jumatatu, saa 8:05 mchana)

Mama Zabibu, asante. Taa za mwanzo nilikwangua kwa msasa. Baadaye msasa uliisha nikawa nachoma kwa kiberiti na kufuta kwa kitambaa. Sikumbuki nilibadilisha mtindo nilipofika taa ya ngapi.

Fundi_Koili (Jumatatu, saa 8:30 mchana)

Nilikuwa nimeshakubali kushindwa na hesabu za Kibatari, lakini sasa narudi kwa mlango mwingine. Kiberiti hakiondoi vanishi, kinaigeuza mkaa. Zipo vanishi zinazoyeyuka kwa joto la pasi ya kulehemia na zipo zisizoyeyuka, na waya tunaoutoa kwenye mota zilizoungua mara nyingi ni wa aina ya pili, kwa kuwa umetengenezwa kuvumilia joto. Kwangu mimi hukumu ni hii: kiungo cha taa ya 15 ni kibovu, na treni ikipita ubao unatetemeka, kiungo kinaachia na kushika. Ndiyo maana zinapepesa zote 8 kwa pamoja.

Jabali_la_Ihumwa (Jumatatu, saa 11:50 jioni)

Mnaiacha hali ya hewa ya Dodoma. Katika kiangazi chetu mbao hukauka hadi zinalia. Ubao wangu, ambao fremu yake ni ya mbao laini, ulijivuta kiasi kwamba viungo viwili vya reli viliachana bila mtu kuvigusa. Waya ulionyooshwa kwa nguvu chini ya plaiwudi na kubanwa na misumari hauna pa kukimbilia mbao zinaposogea. Pili kuna vumbi letu jekundu, linaloingia hata kwenye chumba kilichofungwa, na ninaamini linachangia kupepesa huko, kwa sababu magurudumu ya treni yakipita kwenye vumbi hutoa cheche.

Kibatari (Jumatatu, saa 1:30 usiku)

La mbao nalikubali. La vumbi silikubali. Vumbi juu ya reli litaisumbua treni, itakwamakwama na taa zake za mbele zitazimika na kuwaka. Taa za barabarani zina adapta yao, hazijui kama treni imekanyaga vumbi au zulia.

Nguzo_Saba (Jumatatu, saa 3:20 usiku)

Vipimo ni hivi, wakati taa zote zinawaka. Taa ya 1: volti 12.1. Taa ya 14: volti 11.9. Taa ya 15: volti 11.4. Taa ya 22: volti 11.3. Treni ikipita kwenye kona, kwenye taa ya 15 mita inacheza, mara 11, mara 9 na pointi, haitulii hata nikaisoma vizuri.

Fundi_Koili (Jumatatu, saa 3:32 usiku)

Mmeona. Kutoka 11.9 hadi 11.4 kwa hatua moja ya milimita 150. Kesi imekwisha.

Kibatari (Jumatatu, saa 4:10 usiku)

Nusu ya kesi, ndugu yangu. Nakiri kwamba kiungo kati ya 14 na 15 kina ubovu, na kwamba huenda ndicho kinacholeta kupepesa, kwa sababu volti zikianguka hadi 9 mkondo wa kila taa unashuka kutoka miliampea 9 hadi 6, na hapo jicho linaona. Lakini treni ikiwa imesimama, taa ya 22 inapata volti 11.3. Toa 3 za LED, gawa kwa 1,000: miliampea 8.3. Taa inayopata 8.3 haiwezi kuitwa inayosinzia mbele ya mwenzake anayepata 9. Ufifi wa kudumu una sababu nyingine.

Mimi nazishuku rizista. Ya omu 1,000 ina mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu. Ya omu 10,000 ina kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa. Chini ya balbu ya njano usiku, nyekundu na chungwa ni mapacha. Ukiweka ya 10,000, LED inapata chini ya miliampea 1, na LED za siku hizi haziwi giza kwa mkondo huo, zinafifia tu, kama ulivyoeleza.

Nguzo_Saba (Jumatatu, saa 4:40 usiku)

Nimechungulia chini ya ubao kwa tochi. Rizista zangu zina mistari 5, si 4. Kahawia, nyeusi, nyeusi, halafu mmoja ambao sina hakika kama ni kahawia au nyekundu, halafu kahawia.

Kibatari (Jumatatu, saa 4:55 usiku)

Basi mstari huohuo usio na hakika nao ndio wenye jibu. Kwenye rizista ya mistari 5, wa nne ukiwa kahawia ni omu 1,000, ukiwa nyekundu ni omu 10,000. Usibahatishe kwa macho. Chomoa mguu mmoja, pima kwa mita.

Mzee_wa_Kintinku (Jumanne, saa 12:30 asubuhi)

Wanangu, hamjambo. Nasoma mabishano yenu na chai yangu. Baba yangu alikuwa mtumishi wa reli katika stesheni ndogo za huku kwetu magharibi ya Dodoma, nami nimekulia katika nyumba za reli. Taa tulizozijua zilikuwa za mafuta ya taa. Kazi ya jioni ilikuwa kusafisha vioo, kukata tambi na kujaza mafuta, na taa ya ishara ya treni ilipandishwa juu kwenye nguzo yake kwa ngazi. Usiku stesheni ilikuwa na vidoa vitatu au vinne vya mwanga, na katikati yake giza tupu, giza lenye fisi.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu naye ana reli ndogo, na alipoijaza taa nilimwambia azizime nusu. Ukitaka mtu aamini kwamba ni usiku, mwachie giza mahali pa kukaa. Hizo 8 zinazofifia, Nguzo Saba, una hakika kwamba hazipendezi?

Mtoto_wa_Bahi (Jumanne, saa 1:05 asubuhi)

Shikamoo, Mzee. Kibatari amefurahi sana, jina lake limepata stesheni.

Nguzo_Saba (Jumanne, saa 1:20 asubuhi)

Shikamoo, Mzee wangu. Nakiri kwamba nikizima balbu ya chumba, upande ule hafifu una uzuri wake. Lakini natamani ufifi huo uwe wa kukusudia.

Mtalii_wa_Reli (Jumanne, saa 3:00 asubuhi)

Mzee amegusa jambo ambalo watu hulikosea zaidi kuliko waya. Rangi ya mwanga ndiyo inayoeleza mwaka. Taa za sodiamu zina mwanga wa rangi ya chungwa, wakati taa mpya za LED za barabarani ni nyeupe zaidi. Treni za abiria za SGR zilianza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, kwa hiyo mtaa unaoizunguka stesheni hiyo ukiwa na taa za rangi ya chungwa pekee utaonekana kama picha ya enzi nyingine. Ukitaka mji wa zamani, paka kichwa cha LED nyeupe tabaka jepesi la rangi ya chungwa inayopitisha mwanga. Je, hizo 8 zilitoka kwenye pakiti moja na zile 14? Nauliza kwa sababu pakiti mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na LED mbili tofauti kabisa, na mwanga wa umanjano huonekana mnyonge ukiwa jirani na mweupe hata kama mkondo ni uleule.

Nguzo_Saba (Jumanne, saa 6:40 mchana)

Zilikuwa pakiti mbili. Ya kwanza ilikuwa na taa 10, ya pili 12. Kwa hiyo mpaka wa pakiti ungekuwa kati ya taa ya 10 na ya 11, si kati ya 14 na 15, isipokuwa kama nilizichanganya wakati wa kusimamisha, na sina hakika kwamba sikuzichanganya.

Kuna jambo sikulisema mwanzoni kwa kuwa nililiona dogo. Kabla ya kupata adapta, hizo 8 za mwisho niliziunganisha kwa muda kwenye transfoma ya treni, kwenye vile vituo viwili vya pembeni vilivyoandikwa volti 16. Zilikaa hapo kama wiki 2, kisha nikazihamishia kwenye adapta.

Kibatari (Jumanne, saa 7:15 mchana)

Mgonjwa anaulizwa siku mbili, siku ya tatu ndipo anasema alikunywa dawa ya ng'ombe.

Vituo hivyo vya pembeni, kwenye transfoma nyingi za aina hiyo, hutoa umeme wa kupishana, si wa moja kwa moja. LED inawaka nusu ya mawimbi, na nusu nyingine inasukumwa kinyumenyume. Volti 16 za kupishana zina kilele cha karibu volti 22.6, na LED nyingi zimeandikiwa kuvumilia volti 5 tu za kinyume. Rizista huzuia zisiungue papo hapo, lakini kuziweka hivyo kwa wiki 2 ni kuzitesa. Ulipaswa kuweka daiodi, inayopitisha umeme upande mmoja tu, au vizuri zaidi daiodi 4 za kunyoosha umeme pamoja na kapasita. Inawezekana kabisa LED zenyewe zimedhoofika na hazitarudi.

Jabali_la_Ihumwa (Jumanne, saa 7:40 mchana)

Mimi sasa naishuku transfoma ya adapta. Mtaani kwetu, kuanzia saa 1 jioni watu wakiwasha pasi na majiko, volti zinashuka. Huenda adapta nayo inashuka.

Fundi_Koili (Jumanne, saa 8:10 mchana)

Jabali, hapo utofautishe. Transfoma ya chuma na koili hufuata umeme wa nyumba, ukishuka nayo inashuka. Adapta nyepesi za ving'amuzi ni za aina nyingine, nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, na ndani ya mipaka hiyo hutoa 12 zilezile. Tena amepima 12.1 saa 3 usiku, wakati mtaa mzima unapika.

Mama_Zabibu (Jumanne, saa 10:25 jioni)

Badala ya kubishana, afanye tulivyofanya sisi: ahamishe. Taa ya 22 aipeleke mahali pa taa ya 1, na ya 1 aipeleke mahali pa 22. Ikififia kule mbele, kosa ni la taa. Ya kwanza ikififia kule nyuma, kosa ni la njia. Kazi ya nusu saa.

Na ukishafungua, usisokote waya na kufunika kwa gundi ya karatasi. Tumia konekta za skrubu, moja kila baada ya taa 4 au 5, ili siku nyingine utenge kipande kimoja bila kulala chali chini ya meza. Weka na fyuzi ndogo baada ya adapta. Ampea 1.5 haionekani kuwa kitu, lakini ikipigwa shoti kwenye waya wa 0.2 uliolala juu ya stairofomu, moshi wake ninaujua.

Nguzo_Saba (Jumatano, saa 3:50 usiku)

Nimefanya kama Mama Zabibu alivyoelekeza, na majibu yamenichanganya zaidi. Taa ya 22, ikiwa mahali pa taa ya 1, imefifia vilevile. Taa ya 1, ikiwa mahali pa 22, inang'aa, ingawa mwanangu anasisitiza kwamba imepungua kidogo na mimi nasema haijapungua. Treni ikipita, taa ya 1 huko nyuma inapepesa kama wenzake walivyokuwa wakipepesa.

Mtalii_wa_Reli (Jumatano, saa 4:05 usiku)

Basi ni LED. Ama pakiti, ama yale mateso ya volti 16.

Fundi_Koili (Jumatano, saa 4:12 usiku)

Na kupepesa ni kiungo changu. Hilo hamninyang'anyi.

Kibatari (Jumatano, saa 4:30 usiku)

Taratibu. Nguzo Saba, ulipoihamisha taa ya 22, rizista yake ilibaki chini ya ubao au ilikwenda nayo?

Nguzo_Saba (Jumatano, saa 4:41 usiku)

Ilikwenda nayo. Nimezilehemu kwenye miguu ya taa zenyewe.

Kibatari (Jumatano, saa 4:44 usiku)

Basi bado hujatenganisha taa na rizista. Rizista uliipima?

Nguzo_Saba (Jumatano, saa 4:52 usiku)

Mita ni ya jirani, ameshaifuata. Nitaiomba tena Jumamosi.